Tatu

Mimi ndiye mwenye kuhesabu.
Shati la milia alinishonea fundi Ngailo;
mlia mmoja umepinda kwapani, kitambaa kilimpungukia.
Siku za kazi napima viazi sokoni Makambako,
na mkulima akikitazama kidole gumba changu
najua anachowaza.

Jumamosi ile walikuwa wanane.
Boksi la sabuni, limechanwa, ndilo ubao:
majina manane, mistari ya kalamu nene,
wanne, wawili, mmoja.
Ukianguka umekwenda. Hakuna marudiano.

Ulingo wa mbao za paina juu ya matairi ya Fuso,
magodoro matatu ya gesti, turubai la bluu,
na upepo wa kwetu, usiojua hodi,
ukipenya chini yake na kulitunisha.
Kinyozi Mgaya kashika kipaza sauti:

*Wanane wanaingia, mmoja ndiye atoke!
Mwenye moyo wa kulia, nyumbani kwao apike!*

Matokeo yote nilikuwa nayo mfuko wa nyuma,
mwandiko wa Mzee Msigwa, nyuma ya risiti ya saruji.
Hata watoto waliopanda ukuta wa stoo wanajua.
Wanajua, na sauti zinawakauka vilevile.

Fuso Bovu alikata breki dakika ya nne, kama kawaida yake.
Daktari wa Mifupa akamtoa Mlinzi wa Benki.
Mdogo wangu Yotamu, yaani Kiazi Mviringo,
alitolewa saa kumi;
saa kumi na robo alikuwa anauza karanga
kwa waliomzomea.

Fainali: Radi na Gogo.
Radi ni Lusubilo, fundi pikipiki, miaka ishirini na miwili.
Gogo ni Nehemia Mlowe wa kiwanda cha mbao,
miaka kumi na moja ya kuanguka vizuri.
Yeye ndiye aliyetufundisha sote:
kidevu kifuani,
mkono uguse turubai kabla ya mgongo,
sauti iwe kubwa kuliko maumivu.

Risiti ilisema: Gogo amlalie, Radi ainuke mbili na nusu,
kisha Radi ashinde.

Lusubilo akaruka kutoka kamba ya juu.
Godoro la kati lilikuwa limesogea.
Sauti iliyotoka haikuwa kubwa.
Nehemia akamlalia kama ilivyoandikwa.

Moja.

Mbili.

Kati ya mbili na tatu pana chumba kidogo,
mimi ndiye mwenye ufunguo.
Humo mtu hupata nguvu, hurusha miguu, uwanja hulipuka.
Lusubilo hakurusha kitu.
Alisema bila kusogeza midomo, kama tulivyomfunza,
"Bega, kaka."

Nehemia alisikia. Akauhamishia uzito wake viwikoni,
akawa juu yake kama mtu anayemkinga mtoto mvua,
akanitazama, akatikisa kichwa:
usipige.
Watu mia sita walikuwa wameshafungua vinywa kwa ile tarakimu.

Nikapiga.
Ilibidi iishe ndipo tumbebe.

Nilipouinua mkono wa Nehemia
ulikuwa mzito kama wa mtu aliyesinzia.
Namna za kushindwa alizijua zote, hadi ya kuteleza kwenye damu ya rangi;
ya kushinda hakuna aliyewahi kumwonyesha.
Wakamvika mkanda wa bati la mafuta ya kupikia.
Alishuka nao kiunoni, ukimkwaruza,
kashika miguu ya Lusubilo hadi kwenye pikapu,
akapanda naye kwenda Ilembula.

Yotamu, mfuko wa karanga ubavuni,
akamalizia mstari wa mwisho kwenye boksi.
Manyunyu yakaanza. Jina la Gogo lilisomeka kidogo tu,
kisha likawa wino unaotiririka.

Jumatatu mkulima wa Lupembe alishusha gunia,
akasogea karibu:
"Ile ya mwisho, mwamuzi, ilikuwa ya kweli?"

Niliondoa mkono kwenye mzani,
mkono wote, hadi kidole gumba,
nikauweka mahali anapouona.
"Soma mwenyewe," nikamwambia.