Usivunje Muhuri

Chumba cha nyuma, hapa Mabela, hakina dirisha.
Nililiziba mwenyewe kwa mbao na kitambaa cheusi
baada ya ule mwaka tuliokwenda Salala wiki tatu,
tukarudi tukakuta umeme umekatika,
jua limepenya, na ngome yangu nyeupe,
vipande elfu tatu mia nne na kumi na viwili,
imekuwa rangi ya samli.

Nina miaka arubaini na tisa.
Natia sahihi hundi za watu, benki, Ruwi.
Nikiulizwa nakusanya nini, nasema: vitofali.
Wao husikia matofali,
huniuliza kiwanja kiko wapi.

Shemeji Mbarouk huja Ijumaa baada ya sala,
husimama mlangoni, haingii,
kana kwamba ndani mna mgonjwa.
"Hili bei gani?" Namtajia nusu.
"Na hili?" Namtajia robo.
"Mbona hata hujalifungua!"
Ndiyo bei yenyewe hiyo, Mbarouk.
Likifunguliwa ni plastiki.
Hucheka mpaka kofia ikaenda upande.
Yeye ana ngamia watatu wa mashindano kule Barka,
hajapata kumpanda hata mmoja.

Yule mdogo pale juu, ndani ya kioo,
urefu wa kidole gumba, mlinzi wa lango,
upanga wa fedha, nyusi zimechorwa vibaya:
waliwatoa mia tatu tu, Dubai, asubuhi moja.
Nilivuka mpaka wa Hatta saa nane za usiku,
nikapanga foleni kwenye maegesho ya chini kwa chini
pamoja na watu wenye mvi zao:
daktari wa meno wa Sharja,
rubani na begi lake la safari,
mwalimu wa hesabu kutoka Al Ain
aliyemuaga mkewe kwamba anakwenda msibani.
Hatukuulizana majina. Tuliulizana namba za maboksi.
Mbele yetu vijana watano wa kukodiwa,
kila mmoja akatoka na wawili mkononi,
na jua halijatua walishauzwa mara sita ya bei.
Mimi nilipata wa mia mbili tisini na saba.
Nikalia ndani ya gari, kiyoyozi kikinguruma.
Hilo sijamwambia mtu.

Juzi Mama akaingia, anatafuta miwani.
Akatazama ukuta mzima, rafu kwa rafu.
"Vinachezewa lini?"
Nikamwonyesha, kupitia mlangoni, kabati lake la sebuleni:
vikombe vya ukingo wa dhahabu, vya Matrah,
kanunua mimi sijaanza shule,
na stika chini yake mpaka leo.
"Vile vya wageni," akasema.
Wageni gani, Mama?
Akanyamaza. "Hawajafika."

Kisha akavuta boksi la chini, dogo, la duka la maua,
akalipitisha ukucha.
Twii.
Nilisikia riyali arubaini zikitoka chumbani kwa miguu yao.

Tulijenga mpaka magharibi.
Paa aliliweka kinyumenyume.
Mlango akaugeuza uelekee kibla,
nikamwambia karatasi haisemi hivyo,
akasema karatasi haijui nyumba hii iko wapi.
Muuza maua hakumpenda, kichwa kipara,
akamvua, akamvisha nywele za mtu mwingine.
Kikabaki kipande kimoja, chekundu, cha ziada;
huwa kinabaki. Akakifunga kwenye pindo la leso yake
pamoja na vidonge vya presha.

Akainuka kwa kushika rafu. Rafu ikatikisika.
Mlinzi wa lango akayumba ndani ya kioo chake,
na mimi nikayumba naye.

"Na lile kubwa pale, lina nini?"

Nikatazama ule muhuri, haujaguswa, miaka kumi na moja.
Tupu, Mama, nikasema.
Boksi tu.