Kamba ya Mkonge

Rula zetu ni sita, wanafunzi sitini na mmoja,
na mojawapo huanzia sentimita ya pili,
sifuri yake ililiwa na panya.
Basi leo nimekuja na kamba ya mkonge,
mita ishirini na nne, fundo kila mita,
nikawatoa Gredi ya Nne uwanjani mapema,
maana hapa Chavakali mvua ya saa tisa
haikosi kipindi.

Minayo anaipima kwa hatua: thelathini na mbili.
Naipima mimi: ishirini na nne.
"Nani kadanganya?"
Kimya. Kisha sauti ya nyuma: "Miguu, mwalimu."
Ndiyo. Nne za Minayo, tatu zangu.
Kubadili vipimo ni kuazimana miguu.

Wanne pembeni, kazeni kamba!
Sita kwa sita. Ndani wanaenea thelathini na sita,
kila mtoto na mita yake ya mraba;
ishirini na mmoja wamebaki nje, wamenuna.
Nane kwa nne: wanne watoke.
Kumi kwa mbili: kumi na wawili tena, haya, nje.
Kumi na moja kwa moja:
foleni nyembamba, kama ya uji.
Kamba ni ile ile, hakuna aliyeikata.
"Mzingo haukusogea," nasema. "Eneo limekwenda wapi?"

Adagala hajibu.
Anaokota kijiti, anachora kwenye udongo mwekundu
arobaini kwa arobaini. "Shamba la babu."
Kisha mistari mitatu ya wima.
"Baba, na baba zangu wadogo."
Kumi kwa arobaini, mara nne.
Ananong'ona hesabu:
mzingo wa zamani, mia moja na sitini.
Mizingo mipya, mia, na mia, na mia, na mia.

"Mistari ya katikati umeihesabu mara mbili,"
namwambia, kalamu nyekundu tayari mkononi.
"Ua mmoja huwatosha majirani wawili."

"Hawasemezani, mwalimu. Kila mmoja ana wake.
Hapo katikati hapalimwi.
Kuku wetu akiingia, ndiyo basi."

Narudia hesabu yake, kimyakimya, mara mbili.
Eneo: elfu moja na mia sita. Kabla. Baada.
Ardhi haikuongezeka hata unyayo;
seng'enge imeongezeka mita mia mbili na arobaini.

Swali la mwisho lilikuwa kwenye karatasi yangu:
geuza mita kuwa sentimita.
Tone la kwanza linaangukia pembe ya shamba,
la pili kwa baba mdogo wa mwisho,
kisha mvua nzima, na watoto wanatimua mbio,
Minayo mbele, daftari kichwani, akipiga kelele:
"Elfu ishirini na nne! Sentimita elfu ishirini na nne!"

Jibu ni sahihi.
Nabaki nikikunja kamba. Mkonge ukilowa hunywea;
kesho, kabla ya kengele,
itanibidi niipime upya.