Parachichi Lenye Kovu

Zahanati wana picha ukutani, makundi matano ya chakula,
imechorwa na mtu asiyewahi kukopa chumvi:
samaki mzima na macho yake, yai, tikiti lililopasuliwa,
glasi ya maziwa imejaa hadi ukingoni.
Sista Tumpale anaigusa kwa kalamu.
"Unaona, mama Ambwene? Kila siku, angalau moja moja."
Naona, sista. Macho yangu mazima.

Kisha akamzungushia mwanangu ule mkanda mkononi
na mkanda ukasimama kwenye njano.
Njano ya ndizi mbivu, nikawaza.
Ndizi! Tukuyu hii,
ambako ukidondosha kijiti kesho kina majani,
ambako mvua hainyeshi tu, inahamia,
inakaa kama mgeni aliyesahau kwao;
lakini mikungu inapanda lori usiku, inashuka Dar,
na njano iliyobaki ni hii, mkononi mwa mtoto.

Njiani napiga hesabu. Elfu tatu na mia mbili.
Mkaa, mia tano.
Sembe ni nyeupe, wageni huisifu.
Dona ina makapi yake, Ambwene huikunjia uso.
Nikachukua dona, kilo, elfu moja. Uso utakunjuka.
Maharage nusu, mia tisa, ya mchanganyiko,
hayafanani hata mawili, kama watoto wa baba mkwe;
nitayaloweka usiku kucha yasinimalizie mkaa.
Mafuta ya kupima, mia mbili, yanatikisika chini ya kichupa.

Kwa Mama Nsajigwa, kwenye usipa wa Kyela,
nilisimama hadi akauliza nanunua au nanusa.
"Nanusa," nikasema. Tukacheka.
Akanipimia wa mia tano, akatupia kiganja juu
bila kunitazama, kama anayefukuza nzi.
Samaki wa pichani ni mmoja, mnene.
Wangu niliwahesabu nyumbani: arobaini na watatu,
na kila mmoja ana macho yake mawili.

Majani ya maboga yapo nyuma ya choo cha jirani.
Aliniruhusu. Nayamenya nyuzi
huku mia moja ikinikaa kwenye pindo la kanga
kama punje ya mahindi kwenye jino.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kibarua.
Tunachambua maparachichi, wanawake kumi na wawili mezani,
tumevaa kofia za plastiki, hatusemi sana.
Laini, kushoto. Lenye kovu, kulia, kwenye kreti la rejekti.
Ya kushoto yanafutwa vumbi, yanabandikwa karatasi,
yanaingia kontena lenye baridi kuliko Julai yetu
kwenda kwa watu wasiotaka tunda lililowahi kuguswa na tawi.
Upepo tu uliyasugua! Ndani ni yale yale.
Nimeshalibonyeza moja kwa bahati mbaya, najua.
Jioni msimamizi, Mwakabungu, anayauza rejekti:
mawili, mia.

Nikafungua pindo.

Ambwene alikula la kwanza kwa kijiko, kimya,
la pili nikalipondea kwenye dona ya moto
na usipa juu, na maji ya maharage.
Uso haukukunjwa.
Alidai tena. Nikamwambia tena ni kesho,
naye akalala na mdomo wa kijani.

Kwenye ile picha parachichi halipo.
Labda ukuta uliisha.

Ganda nililikwangua kwa ukucha, nimegeukia dirisha,
nikalamba vidole.
Mkono mtupu haulambwi; huu haukuwa mtupu.
Tarehe kumi na nne tunarudi kupimwa,
yeye.
Wangu hakuna aliyeuliza uko rangi gani.