Mstari Mwekundu

Aliniambia kabla sijafunga mlango:
mama yake ameshaoshwa,
Vitongoji wanangoja adhana ya alasiri tu.
Mbarouk Asaa. Kaja na shati la kazini,
wino wa mihuri ya bandari ungali vidoleni.
Nikamweka mbele, ubavuni pangu,
maana nyuma mlikuwa na maboksi ya chanjo,
na bibi na mjukuu wake, wote wamefumba macho.

Nungwi ilipopita chini ya bawa
akaanza kuisoma saa ya kasi.
Mtu wa hesabu, huyu. Kijani alikielewa, na njano pia.
"Mbona mshale uko huku,"
kidole kikagonga kioo,
"na nafasi ipo mpaka pale?"

Pale ni mia na themanini na mbili,
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kofia.

Katikati ya visiwa viwili hewa mchana ule
ilikuwa barabara ya mawe.
Ndege ikadunda, mkoba wa bibi ukaanguka,
ndimu zikabingirika hadi miguuni petu.
Nikapunguza.
Naye akaniona nimepunguza.

Ningemwambia nini? Haraka haina baraka?
Methali hiyo hapewi mtu mwenye maiti.
Au nimsimulie Fundi Shaame wa karakana ya Kisauni,
aliyenishika mkono siku niliyopata leseni
akaupitisha juu ya ribiti, moja moja:
"Hizi ndizo zinazokubeba, mwanangu, si injini.
Injini ikizimika utateleza, utatafuta shamba.
Lakini bawa likitetemeka kwa kasi iliyopita kiasi,
usitaraji litetemeke mara ya pili."

Sikusema kitu. Njano ni ya hewa iliyotulia,
na hewa haikutulia.

Kuteremka ndiko kunakohadaa.
Pua ikiinama vidole viwili tu, ndege hukimbia yenyewe,
kama ng'ombe aliyeliona zizi.
Mkoani ikatokea, kisha Mtambile, mikarafuu imejipanga,
na mshale ukaanza kutambaa kuifuata njano.
Mkono wangu ukarudisha moto nyuma.
"Wallahi wewe," alisema, polepole, "huna mama."

Ninaye. Yuko Makunduchi, ana sukari.

Chake tulitua salama.
Ndugu yake alikuwa nje ya uzio, pikipiki inanguruma.
Hakuniaga. Mbio zake nilizitazama
mpaka vumbi lilipokaa.

Siku ya tatu nilikwenda hitmani.
Akatoka barazani, macho yamemvimba.
"Dakika mbili," akasema.
"Nilikuta wanamwagia maji kaburi."

Hesabu hiyo nilikwishaipiga usiku ule, kitandani:
njano yote, toka Nungwi hadi Chake,
ingetupa dakika tatu.

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia.
Akaitazama mikono yangu muda mrefu,
kisha akaingia ndani, akarudi na kikombe cha kahawa,
akakiweka karibu nami, si mkononi.

Jumatatu nilirudi kazini.
Watu watano, maboksi ya dawa, jogoo mmoja kapuni.
Baada ya Nungwi, mawe yaleyale hewani.
Nikapunguza.