Themanini kwa Saa

Ikifika themanini, Suzuki inaanza:
usukani watetemeka kama meno kwenye baridi.
Barabara ya Szolnok imenyooka uzi,
gari lang'ang'ania kulia, upande wa kiti kitupu.

Dezső, sigara mdomoni bado hajaiwasha,
alilitikisa gurudumu kama jino la mtoto.
"Bushi zimekwisha. Rimu nayo imepinda.
Uligonga nini, Ilka?"

Shimo.
Januari ile, usiku wa hospitali.
Sikusimama kulitazama.

Hakuuliza zaidi. Alinyoosha rimu,
akabandika vipande vya risasi, gramu kumi, gramu tano,
akafuta mikono kwa fulana kuukuu,
akapokea nusu ya pesa.

Njiani kurudi: themanini. Tisini.
Mia.
Usukani tuli.
Mikono tu, ndiyo bado.