Mstari wa Kumi na Saba

Nasema matuta, na wewe unawaza viazi,
au lile la lami linalokurusha kichwa hadi darini mwa basi.
La. Ninayoyapima yamelala gizani,
mita ishirini na nane chini ya viatu vyangu,
magharibi ya kisiwa cha Texel,
kwenye bega la bara ambalo bahari ilijitwalia
watu wakiwa bado wanalipita kwa miguu.
Nyavu huku huleta samaki bapa
na, mara mojamoja, jino la mamothi.

Kila tuta lina mgongo na lina uso.
Mgongo mpole, unapanda kama mtu asiye na haraka;
uso umekatika ghafla, unatazama kaskazini.
Maji hujaa kutwa mara mbili, hupwa kutwa mara mbili.
Yakijaa husukuma punje kumi,
yakipwa hurudisha tisa.
Biashara yote ndiyo hiyo. Ile moja inayosalia
ndiyo inayohamisha mlima.
Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakusema kibaba nacho hutembea.

Tjalling, mwenzangu wa zamu ya usiku,
hunywa supu ya njegere kwa kikombe cha kahawa
na huyapa matuta majina ya shangazi zake.
Aukje amesogea mita nne tangu Machi.
Hiltje alinyolewa kilele na dhoruba ya Januari.
"Anajikusanya," husema Tjalling. "Mpe muda."
Tunatuma sauti chini, tunangoja irudi,
tunakwenda mstari, tunageuka, tunarudi mstari,
kama mkulima wa shamba asiloliona.
Waliotutuma wana swali moja:
kebo ya umeme ikizikwa hapa, itabaki imezikwa?

Mstari wa kumi na saba, saa tisa kasorobo usiku,
nyuma ya Aukje, katika bonde alilotoka kulikalia,
skrini ikachora pembe.
Mchanga haujui pembe.
Tjalling akaweka kikombe chini.
Tukapita juu yake tena, polepole, mara tatu:
mlingoti umelala ubavu,
mita kumi na tisa kutoka omo hadi tezi.

Jina lilikuwamo katika orodha ya waliopotea.
*Vrouwe Tetje*, Novemba 1961, watu wanne.
Jamaa aliyesalia ni mmoja, Bi Neeltje Kikkert,
dada yake Krelis, kijana wa jikoni.
Nilimpigia simu nikiwa na pole zangu nimezipanga.
Alinyamaza. Ukimya ule ulikuwa na kina.
Kisha akauliza, si kama Krelis yumo,
si kama mzamiaji anaweza kushuka:
"Lipo tuta jingine linalokuja?"
Lipo, nikasema. Mita mia mbili nyuma.
"Linakwenda kasi gani?"
Mita nane kwa mwaka, dhoruba zikituruhusu.
Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi.
"Miaka ishirini na mitano," akasema.
"Mimi nitakuwa nimeshafunikwa."
Halafu, kama anayeulizia blanketi:
"Kwa hiyo sasa hivi yuko wazi."

Sikumwambia kwamba huenda si mara ya kwanza,
kwamba bahari imewahi kumfunua na kumfunika
wakati hapakuwa na wa kutazama.

Kwenye ripoti, safu ya maoni, niliandika:
*Tuta linalofuata liachwe lipite.*
Wahandisi wakauliza maana yake nini.
Tjalling akawajibu: kebo isogezwe mashariki, mita mia tatu.
Wakasogeza. Walinung'unikia gharama.

Tulirudi mwezi wa nne mwaka uliofuata,
mvua nyembamba, mitambo ya upepo imesimama kama walioitwa majina.
Lile tuta la nyuma halikuwa na jina bado;
shangazi walikuwa wamekwisha.
Tjalling akaandika Neeltje, bila kuniuliza.
Amesogea mita saba na nusu.
Nikaangalia jedwali:
maji yalikuwa yanajaa.