Kahawia, Nyeusi, Nyekundu

Namba ikipungua, mzigo unazidi.
Hilo alinieleza Musembi pale Luthuli,
ghorofa ya pili, juu ya duka la betri,
akipekua rezista kwenye kopo la Kimbo
kama anayechambua mchele wa harusi.

"Koili ya sindano yako ina omu ngapi?"
Kumi, nikasema. Imeandikwa kwenye boksi.
"Basi zidisha kwa kumi, anzia hapo. Mia.
Kinachotoka kule ni kidogo, hata nusu milivolti hakifiki.
Kipe kitu cha kuegemea,
kisije kikapiga yowe huko juu
ambako ni popo tu wanaosikia."

Nikachukua mbili, ya kushoto na ya kulia.
Shilingi ishirini. Soda yake ilinigharimu zaidi.

Santuri ninayopimia ni ya kwaya ya karakana ya reli:
wanaume kumi na wanne, mwanamke mmoja,
na huyo mmoja ni mama.
Upande wa pili, wimbo wa tatu,
anaingia peke yake, besi bado hazijaamka.
Treni ikipita nyuma ya Makongeni mkono wa santuri hutetemeka,
kwa hiyo nasubiri ipite
ndipo nashusha.

Kwa omu elfu moja, alivyoacha baba,
kila "s" inachoma.
Mama anatamka "siku"
na ni mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.
Kayamba inamwagika misumari juu ya bati.
Nilidhani sindano imekwisha. Nikadhani spika.
Nikadhani, Mungu anisamehe,
kwamba mzee hakujua alichokuwa akifanya.

Nikafungua kisanduku alichokiunda mwenyewe,
kifuniko chake bati la biskuti.
Rezista zake mbili zimekaa sambamba,
lehemu safi, haina hata chunusi:
kahawia, nyeusi, nyekundu.
Zangu: kahawia, nyeusi, kahawia.
Mstari mmoja tu, mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
na kati ya nyumba zetu mbili
kuna sauti mara kumi.

Chini ya transfoma, daftari la Kasuku lililokunjwa.
Penseli.

*Machi 1979. Mia. Sawa.*
*1984. Mia mbili na ishirini. Sawa zaidi.*
*1988. Mia nne na sabini. Mama Nafula asema kali.
Mimi naona sawa.*
*1994. Elfu. Sasa nasikia s.*

Miaka thelathini na mmoja katika boila,
nyundo na ribiti, pamba ya hospitali masikioni.
Mezani ukimwomba chumvi
alikujibu kuhusu mvua.
Tulimwita mkaidi. Tulicheka, hata mama.
Yeye alikuwa usiku, taa ya mkono, chuma cha kulehemu,
akimfuata mama ngazi kwa ngazi
kule alikokuwa akipotelea.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Niliupima kiganjani: rezista mbili,
sikuhisi kitu.

Nimezing'oa. Nimelehemu zangu.
Kwa mia, mama anavuta pumzi kabla ya "siku",
na kabla ya pumzi, kiti kinalia,
na mtu, labda yeye baba, anakohoa mbali na maikrofoni.
Niliketi sakafuni.
Sikuwa nimewahi kumsikia akianza.

Jana Nafula alikuja na bintiye wa miaka kumi na mmoja.
Nikawawekea, nikajivuna kidogo, nikanyamaza.
Mtoto akakunja uso.
"Mjomba, hiyo s bado inachoma."

Nikairudisha sindano mwanzo. Nikasikiliza kwa makini.
Nikatoka kutafuta penseli.

Mimi naona sawa.